Risasi Isiyolia

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwapa ushindi wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulioko Mikindani, Mombasa, katika kesi ya fidia ya shilingi bilioni 1.3. Siku chache baadaye nilikuwa ndani ya matatu, redio ikairudia habari ile kwa sentensi mbili tu: watu waliathiriwa na sumu ya risasi, sasa walipwe. Mzee aliyeketi mbele yangu akageuka. "Hao walipigwa risasi lini? Mbona hatukusikia hata mlio?" Kondakta akamweleza kuwa si risasi ya bunduki, ni ya betri. Mzee akazidi kushangaa. "Betri nazo siku hizi zina risasi?"

Tulicheka, naye akacheka. Lakini nilishuka nikiwa bado nalitafuna swali lake la kwanza. Kiswahili kimeipa jina moja madini laini ya kijivu na kile kitu kitokacho kwenye mtutu, kwa kuwa cha pili kiliyeyushwa kutoka cha kwanza. Ya bunduki hulia, na ikilia watu hukimbia, polisi huja, magazeti huandika. Ya betri hailii. Na jamii za leo, hata zile zenye maabara na mabunge makubwa, zimejifunza kuitikia mlio.

Tunyooshe maneno kwanza, maana "hatari" tunaibebesha mizigo mitatu kwa wakati mmoja.

Chukua mafuta ya taa. Yakiwa kwenye dumu lililofungwa stoo ni kitu cha hatari, kwa maana kwamba yana uwezo wa kudhuru. Sasa yatie kwenye chupa ya soda, uiache sakafuni karibu na jiko, na nyumbani pana mtoto wa miaka 2. Mafuta ni yaleyale, sumu haijaongezeka hata tone, ila uwezekano wa mtu kudhurika umepanda sana. Uwezekano huo, ukiupima pamoja na ukubwa wa madhara yanayoweza kufuata, ndio nyaraka za serikali ya Tanzania huuita kihatarishi. Mtoto akishakunywa hapana kihatarishi tena. Hayo ni maafa.

Kisha uliza ni nani aliyeyatia mafuta kwenye chupa ya soda. Si radi wala mafuriko. Ni mtu, na alikuwa na sababu: chupa ilikuwa bure, duka la mafuta halina kipimo kingine, dumu ni ghali. Hatari zinazotengenezwa na watu ziko hivyo karibu zote. Hutokana na jambo lenye manufaa kwa mtu fulani, likafanywa kwa njia fulani, huku njia nyingine ikiwepo. Ndiyo maana ule msemo wetu wa "ajali haina kinga" una kasoro. Hufaa kumliwaza mfiwa, lakini ukiupeleka kiwandani unakuwa hati ya kumwachia huru kila mtu.

Feri ya MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa imeandikishwa kubeba watu 101. Waliokufa pekee walizidi 220. Hesabu hiyo haihitaji profesa. Taifa liliingia kwenye maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na kila mtu aliyewahi kupanda feri akaelewa nini kilitokea, kwa sababu kujaza chombo kupita kiasi ni kosa linaloonekana kwa macho. Lina siku yake, mahali pake na makaburi yake.

Risasi haina siku. Haina harufu, na kwenye vumbi huioni. Mtoto aliyeimeza kidogo kidogo kwa miaka 3 haanguki barabarani. Tumbo linamuuma, anakosa hamu ya kula, anakuwa mzito darasani, mwalimu anasema hasikii, mzazi anasema mkaidi. Mwilini risasi hujifanya kalisi, ile tunayoitafuta kwenye maziwa na dagaa, na mwili unadanganyika: unaipokea, unaiweka kwenye mifupa, inakaa huko miongo kadhaa. Mama akishika mimba, mifupa ikitoa kalisi kumjenga mtoto, risasi nayo hutoka na kuvuka kondo la nyuma. Watoto wadogo huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile, na ndio hao hao wanaotambaa chini na kutia kila kitu mdomoni. Shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, UNICEF, lilikadiria mwaka 2020 kwamba watoto wapatao milioni 800 duniani, takriban mmoja kati ya watatu, wana risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 (sehemu 5 za milioni ya gramu) au zaidi kwa desilita, yaani kwa kila sehemu ya kumi ya lita. Milioni 800, na sijawahi kuona bendera ikishushwa.

Risasi ya Owino Uhuru iligunduliwaje basi, kama haionekani? Kwa bahati, na kwa ubishi wa mwanamke mmoja. Phyllis Omido aliajiriwa mwaka 2009 kwenye kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ukutani kabisa mwa mtaa ule. Mwanawe mchanga akaugua, homa haishuki, dawa za malaria na za taifodi hazisaidii. Mwishowe damu ya mtoto ikapimwa risasi, ikaonekana ipo. Mtoto hakuwahi kuingia kiwandani. Alikuwa ananyonya. Omido akaacha kazi, akaanza kuwashawishi majirani wapimwe, na ilichukua miaka ya maandamano, vitisho na kukamatwa hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Tazama kilichobadilika siku ile damu ilipopimwa. Moshi ulikuwa uleule wa jana, na kikohozi cha majirani kilekile. Kilichozaliwa ni namba kwenye karatasi, na namba hiyo ikawa mlio. Kwa hatari nyingi za zama hizi hatuna pua wala macho ya kuzijua, tunazijua kwa kipimo cha mtu mwingine. Hapo ndipo ugumu wote ulipo, kwa sababu anayemiliki kipimo anaweza pia kuamua kisitumike.

Hilo si la Mombasa peke yake. Kisa kikubwa kuliko vyote kilianzia Marekani, na kilipita kwenye matangi ya magari kutoka Cape Town hadi Cairo.

Mwaka 1921 mhandisi Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo cha mchanganyiko wenye risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga na inapata nguvu. Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo jipya. Madaktari walilijua tangu enzi za Warumi. Basi bidhaa ile ikauzwa kwa jina la Ethyl, na neno risasi halikuwamo kwenye jina. Mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda.

Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha kuitengenezea huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuona vitu visivyokuwepo, wakafungwa kwa nguvu wasijidhuru, watano wakafa. Magazeti ya New York yakaiita gesi ya wendawazimu. Midgley akaita waandishi wa habari, akaimimina dawa ile mikononi mwake mbele yao na kuinusa kwa dakika nzima kuonyesha kwamba haina neno. Hakuwaambia kwamba mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alichukua likizo ya ugonjwa kwa sababu ya risasi.

Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano. Daktari Alice Hamilton wa Harvard, aliyezijua sumu za viwandani kuliko karibu kila mtu ukumbini, alionya wazi kwamba risasi itasambaa barabarani na haitaweza kuzuiwa. Upande wa pili alikuwepo daktari Robert Kehoe, ambaye maabara yake ilikuja kulipiwa na makampuni yaleyale ya petroli ya risasi. Hoja yake ilisikika kuwa ya haki: nionyesheni ushahidi kwamba watu wa kawaida wameumia, nami nitakubali. Hoja hiyo ikashinda kwa karibu miaka 40.

Inafaa tuikague, kwa maana hata leo utaisikia kila penye mgogoro wa kiwanda na kijiji. Kusema "leta ushahidi kwanza" kunamtwisha mzigo yule anayevuta moshi. Yeye hana maabara wala mshahara wa kumlipa mtaalamu, na wakati anatafuta ushahidi, biashara inaendelea. Zaidi ya hayo, ushahidi wenyewe ni mwili wake. Ukitaka kuthibitisha kwamba chupa ya soda ina sumu kwa njia hiyo, lazima kwanza mtoto anywe.

Aliyeivunja hoja hiyo hakuwa hata daktari. Clair Patterson alikuwa mtaalamu wa kemia ya miamba aliyetaka kujua umri wa dunia, na mwaka 1956 alichapisha jibu, takriban miaka bilioni 4.55. Njia yake ilitegemea kupima risasi kwenye vimondo, na kila alipopima alikuta risasi nyingi kupita kiasi: kwenye meza, kwenye vumbi, kwenye ngozi yake. Ikabidi ajenge chumba safi kuliko vyote vya wakati wake. Baadaye akaanza kujiuliza risasi ile inatoka wapi, akaifuata kwenye maji ya bahari na, baadaye, kwenye barafu ya Greenland. Mwaka 1965 akatangaza kwamba mwili wa Mmarekani wa kawaida unabeba risasi takriban mara 100 kuliko ya asili. Kile Kehoe alichokiita cha kawaida kilikuwa uchafu uliosambaa kila mahali, hadi hapakubaki mtu msafi wa kulinganisha naye. Patterson akapoteza ufadhili, lakini namba ilikuwa imeshalia.

Kuna jambo hapa linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Marekani ilipoanza kuiondoa risasi kwenye petroli katikati ya miaka ya 1970, msukumo wa kwanza ulikuwa kifaa kipya cha kusafisha moshi wa magari, ambacho risasi ilikiharibu. Bomba la moshi lilihurumiwa kabla ya mtoto. Hata hivyo matokeo yalikuja haraka. Wastani wa risasi kwenye damu ya Wamarekani ulishuka kutoka takriban mikrogramu 12.8 kwa desilita mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 2.8 kufikia 1991.

Sisi huku tuliendelea kuijaza. Mafundi wetu walikuwa na imani yao kwamba gari la zamani likinywa petroli isiyo na risasi injini itakufa. Hofu ile ilichangia kuchelewesha mambo, ingawa magari mengi yalivuka bila shida. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiacha, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimefanya hivyo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Mwezi uliofuata, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, likatangaza kwamba zama za petroli yenye risasi zimekwisha. Kutoka vifo vya Bayway hadi tangazo la Gigiri ni miaka 97.

Kabla hujakata tamaa na binadamu, sikiliza kisa cha pili cha mtu yuleyule. Midgley alishiriki pia kuvumbua gesi za kupoozea friji, zile zilizokuja kutoboa tabaka la ozoni, ngao ya angani inayozuia miale mikali ya jua. Onyo la kisayansi lilitolewa mwaka 1974, upungufu mkubwa juu ya Antaktika ukaripotiwa 1985, na Septemba 1987 mkataba wa kuzidhibiti gesi hizo ukatiwa saini Montreal. Miaka 13. Nchi zote duniani zimejiunga na mkataba huo, ofisi yake iko Nairobi, na mwaka 2016 ulipanuliwa mjini Kigali ili kupunguza pia gesi zilizochukua nafasi ya zile za mwanzo, kwa kuwa nazo zinaongeza joto duniani. Kwa nini huku haraka, na kule karne nzima? Watengenezaji walikuwa wachache na walipata bidhaa mbadala ya kuuza. Kisha palikuwa na picha: tundu juu ya dunia, rangi kama jeraha, mtoto wa shule anaielewa. Na saratani ya ngozi ilikuwa inabisha hodi hata kwa matajiri. Mtoto wa mabanda aliyezubaa darasani hana picha kama hiyo.

Kutokana na visa kama hivi zilizaliwa kanuni mbili ambazo leo utazikuta kwenye sheria zetu. Zote ziliandikwa kwenye Azimio la Rio la mwaka 1992. Ya kwanza ni kanuni ya tahadhari: pakiwa na tishio la madhara makubwa au yasiyorekebishika, ukosefu wa uhakika kamili wa kisayansi usiwe kisingizio cha kuahirisha kinga. Ni kinyume cha hoja ya Kehoe. Ya pili ni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Katiba ya Kenya ya 2010 inaongeza, kwenye kifungu cha 42, haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Watu wa Owino Uhuru walisimama juu ya haki hiyo, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa haikukibana kiwanda peke yake. Ilizitia hatiani na taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Nadhani hilo ndilo la maana zaidi kwenye kesi nzima, kuliko zile bilioni. Kibali kwenye fremu ukutani kinasema tu kwamba kuna ofisi iliyochukua dhamana ya kuangalia. Kama ofisi haikuangalia, kibali ni karatasi.

Sasa mambo ninayoyasikia vijiweni. La kwanza ni maziwa. Wachomeleaji na wapaka rangi wengi hunywa pakiti ya maziwa jioni "kusafisha kifua", na wapo waajiri wanaoyatoa badala ya barakoa. Maziwa yanashuka tumboni, moshi umeingia mapafuni, na hayo mawili hayakutani. Ni kweli kwamba mtoto mwenye kalisi na chuma cha kutosha kwenye chakula hufyonza risasi kidogo zaidi tumboni, kwa hiyo lishe inasaidia. Lakini maziwa hayaoshi kifua. Kuchemsha maji nako hakuondoi risasi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki kwenye sufuria.

Na sufuria yenyewe? Wachunguzi waliopima sufuria za alumini zinazotengenezwa mitaani kutokana na vyuma chakavu katika nchi kadhaa wamekuta baadhi zinatoa risasi kwenye chakula, hasa chenye uchachu kama cha nyanya au ndimu. Sisemi uitupe ya mama. Ningeacha tu kulaza mchuzi wa nyanya humo usiku kucha.

Lingine ni "kidogo hakidhuru". Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Hapo watu huchanganyikiwa: kama hakuna kiwango salama, mbona rangi za nyumba zinaruhusiwa kuwa na sehemu 90 kwa milioni, kiwango ambacho Umoja wa Mataifa unakipendekeza? Kwa lugha ya mahindi, hilo ni gunia moja ndani ya magunia elfu kumi na moja. Kikomo hicho hakimaanishi kwamba chini yake pana usalama kamili. Uchafu kidogo wa risasi upo kwenye malighafi zenyewe, kwa hiyo kikomo huwekwa chini kiasi cha kumzuia mwenye kiwanda asiitie makusudi. Namba za serikali mara nyingi ni mapatano ya aina hii kati ya kinachotakiwa na kinachowezekana, na ni vizuri kuzisoma hivyo.

Yupo pia anayesema "siku hizi kila kitu ni sumu, tutakula nini". Namwelewa, lakini kauli hiyo ni pacha wa "ajali haina kinga". Zote mbili zinafuta tofauti kati ya kilichopimwa na kisichopimwa, na kati ya aliyemimina na aliyekunywa.

Risasi iliyotoka kwenye petroli haikutoweka sokoni. Leo sehemu kubwa ya madini hayo iko kwenye betri za magari na za sola, zile zinazowasha taa kwenye nyumba ambazo nguzo ya umeme haijafika. Nazihitaji, jirani yangu anazihitaji. Betri ikifa ina thamani, kwa kuwa risasi huyeyushwa na kutumika tena karibu yote, na kwenye kiwanda chenye vichujio, mavazi ya kazi na vipimo vya damu kazi hiyo hufanyika bila kumdhuru jirani. Lakini kwa kawaida anayekuja kuichukua ni kijana mwenye mkokoteni. Anailipia kwa kilo, na betri ikiwa imemwagwa asidi ni rahisi kuibeba, basi inamwagwa hapo hapo mtaroni. Thiaroye-sur-Mer, nje ya Dakar, ilikuwa hivyo: watu walipepeta mchanga wenye mabaki ya betri uani mwao kutafuta risasi ya kuuza, na kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wakafa.

Udongo nao hausahau. Risasi haiozi, haipeperuki ikaisha, mvua huisogeza tu kutoka ua huu hadi ule. Mahakama iliposikiliza kesi ya Owino Uhuru iliamuru pia udongo wa pale usafishwe, na kusafisha maana yake ni kuuchimba, kuubeba na kuuweka mahali ambapo hakuna atakayejenga, kulima wala kucheza.